Barua ya Wazi kwa Waziri wa Elimu: Waacheni Vijana Wasome Riwaya za Udikteta

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mwalimu wa fasihi ya Kiswahili katika shule ya upili nchini Kenya. Kila vitabu teule vinapojadiliwa, nasikia kwamba riwaya kuhusu tawala za kimabavu zinawavunja vijana moyo, na afadhali wapewe hadithi zenye mwisho mwema. Naomba wizara yako isikubaliane na kauli hiyo.

Chukua Shamba la Wanyama, riwaya ya George Orwell (Animal Farm) katika tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967. Nguruwe wanahamia nyumbani kwa bwana shamba, wanalala vitandani. Amri iliyoandikwa ukutani ilikataza kitanda. Wenzao wanakwenda kuitazama tena, wanakuta kinachokatazwa ni kitanda chenye shuka, nao hawakumbuki shuka ikitajwa. Nikifika hapo darasa hunyamaza kwanza, halafu maswali yananijia mfululizo. Kwa nini hakuna aliyezinakili amri zile mapema? Nani alishika brashi usiku? Hayo ni maswali ya raia, Mheshimiwa, na sikuwafundisha mimi.

Nasi tuliyaishi mambo haya. Juni 1982 Bunge liliifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kwa sheria, na sheria hiyo haikufutwa hadi Desemba 1991. Kati ya miaka hiyo watu walikamatwa kwa tuhuma za kuwa wafuasi wa Mwakenya, kundi la siri la upinzani, wakashushwa vyumba vya chini ya ardhi pale Nyayo House, jengo la serikali jijini Nairobi, wengine wakafungiwa humo sakafu ikiwa imejaa maji. Leo, ghorofani mwa jengo lilo hilo, tunapanga foleni ya pasipoti. Riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, Matigari, ilinyakuliwa na polisi madukani mwaka 1987. Katama Mkangi, mhadhiri aliyewekwa kizuizini mwaka 1986, baadaye aliandika Walenisi, kisa cha mtu aliyehukumiwa kifo na watawala wa nchi yake.

Kitabu cha historia kitampa mtoto tarehe hizo. Hofu ya mama anayemkanya mwanawe asirudie shuleni yaliyosemwa mezani, hiyo ataipata kwenye riwaya.

Ndiyo, wengine huhuzunika. Msichana mmoja wa kidato cha tatu alinirudishia Shamba la Wanyama kwa hasira: wanyama wameachwa nje ya dirisha wakichungulia, basi? Nilifurahi kuiona hasira ile. Alikuwa amesoma.

Kinachonikera ni nakala moja kuzunguka mikononi mwa wanafunzi wanne, wasioipata wakabaki na mwongozo. Humo mateso yote yamekuwa mstari mmoja: "Maudhui: uongozi mbaya."

Tununulie vitabu vya kutosha, Mheshimiwa. Na vile vyumba vya Nyayo House, ambavyo umma ulifunguliwa uvione mwaka 2003, tupe kibali cha kuwapeleka wanafunzi wakishamaliza kusoma. Nauli tutachanga wenyewe.

Wako mwaminifu,
Mwalimu wa fasihi