Baba, kamera yako naipeleka kwenye mawe mekundu

Baba shikamoo, mama shikamoo. Dada Rehema naomba umsomee mzee taratibu, na pale penye mambo ya kamera usiruke hata kama huelewi, yeye ataelewa. Kwanza kabisa nawajulia hali, mimi huku Salt Lake City ni mzima, kazini bado nipo zamu ya usiku, baridi haijaanza, hofu ni juu yenu tu hasa goti la mama.

Dhumuni la barua hii ni moja baba. Ile kamera ya Yashica uliyonipa siku naondoka Tanga sasa nimeipangia safari. Mwezi wa 10 nimepewa likizo siku 7, na mimi na Papa Josué, yule mzee wa Bukavu niliyewaambia tunafanya naye kazi, tunatoka na gari lake kuzunguka hifadhi za taifa za huku jimbo la Utah kupiga picha. Yeye anaendesha, mafuta tunachangia, kulala ni kwenye hema. Kadi ya kuingilia ya mwaka mzima ni dola 80 kwa sisi wakazi na inaingiza gari zima, kwa hiyo hapo hatuna shida.

Mwanzo nilitaka niende kote, Yellowstone huko juu, Grand Canyon huko chini, nikachora na ramani kabisa, alafu nikakaa nikahesabu nikaona siku zote zingeishia barabarani, tunafika sehemu saa 7 mchana jua liko utosini, tunapiga, tunaondoka. Ndivyo nilivyofanya mwaka jana mwezi wa 7, nilienda hifadhi ya Arches siku moja tu, joto linapita 38, picha zote zilitoka mawe meupe hayana hata kivuli, mkanda mzima umepotea. Nilikumbuka ulivyokuwa unawarudisha watu wa harusi wakija studio mchana wanataka picha za nje, unawaambia nendeni mkale mrudi saa 10. Kwa hiyo safari hii nimekata sehemu nyingi. Nataka asubuhi nyingi kwenye sehemu chache.

Tunaanza na mji wa Moab, ni kama kilomita 375 kutoka hapa, tunakaa pale siku 3. Hifadhi ya Arches iko karibu sana na mji, na ndani yake kuna matao ya mawe zaidi ya 2,000, mwamba umetoboka katikati unaona mbingu upande wa pili. Na baba chini ya mwamba ule kuna chumvi. Zamani sana kulikuwa na bahari pale, ikakauka ikaacha chumvi tabaka nene, mchanga ukalala juu yake ukawa jiwe, ile chumvi kwa uzito ikawa inasogea inavimba huku inabonyea kule, jiwe la juu likapasuka mistari mistari, maji na barafu vikaingia kwenye nyufa vikala kidogo kidogo. Nilivyosoma hilo nikawaza mashamba ya chumvi ya huko kwetu pwani, na hapa ni jangwani ambako bahari haipo kabisa.

Na yanaanguka. Tao moja kubwa linaitwa Landscape Arch, upana wake kama mita 93 na katikati limebaki jembamba, mwaka 1991 pande la zaidi ya mita 18 lilidondoka watalii wakiwa pale wanaangalia, njia ya kupita chini yake ikafungwa mpaka leo. Lingine Wall Arch lilianguka lote usiku mwaka 2008, asubuhi watu wamekuta kifusi. Mtu aliyepiga picha wiki moja kabla anayo, aliyesema nitapita tena hana. Nikayakumbuka yale makopo yako ya Blue Band yenye negativu, jinsi watu walivyokuwa wanakuja wakishafiwa, wanakwambia mzee naomba utafute ile ya marehemu alipiga hapa mwaka fulani, na wewe unakaa mlangoni unainua negativu moja moja juani mpaka umuone.

Picha ninayoitaka kuliko zote ni ya Delicate Arch. Lile tao limesimama peke yake, urefu kama mita 16. Kwenda na kurudi kwa mguu ni karibu kilomita 5, unapanda juu ya jiwe tupu hakuna kivuli. Jua linazama kama saa 12 na dakika 40 kipindi hicho, dakika za mwisho ndio jiwe linawaka kama kaa la moto, kwa hiyo tunataka tuwe juu kuanzia saa 11, tena twende na tochi maana kurudi ni gizani. Asubuhi inayofuata ni Mesa Arch kwenye hifadhi ya Canyonlands, ile ni ya jua kuchomoza, mwanga unagonga ukuta wa chini ya tao unarudi juu, tumbo la tao lote linakuwa rangi ya chungwa. Pale wapiga picha ni wengi wanawahi na stendi zao za kamera gizani, na sisi tutawahi.

Baada ya hapo tunapita hifadhi ya Capitol Reef, kuna bustani za matunda zilizopandwa na walowezi wa dini ya Kimormoni, wakati wa mavuno unaruhusiwa kuchuma, Papa Josué hilo ndilo limemfurahisha. Alafu barabara namba 12 mpaka hifadhi ya Bryce, ambako mawe yamesimama kama watu maelfu kwa maelfu, usiku kule mwezi wa 10 ni chini ya sifuri, nimeshanunua soksi za sufu. Tunamalizia hifadhi ya Zion, tunarudi.

Sasa baba ndio naomba unisaidie. Nina mikanda 10, kila mmoja picha 12, jumla 120 kwa siku 7, sina hela ya kuongeza maana mkanda mmoja unapita dola 10 na kusafisha ni hela nyingine. Wengine wote watakuwa na kamera za kisasa wanapiga mia tano kwa saa, mimi ni kuhesabu. Mita ya kupimia mwanga ya Yashica haifanyi kazi, betri yake ya zebaki haitengenezwi tena, natumia programu ya kwenye simu. Ile uliyonifundisha, mkanda wa 100 jua kali weka tundu la lenzi 16 na kasi 125, hiyo naijua kichwani.

Lakini wewe ulikuwa unasema picha haina mtu ni ukuta, na mi sitaki kukuletea ukuta. Namweka Papa Josué chini ya tao, ndio mtu aone ukubwa wake. Yeye ni mweusi kama mimi na jiwe nyuma yake linang'aa, mbingu ndio kabisa. Nakumbuka studio ulikuwa unasogea na kamera mpaka karibu na uso wa mteja, unasoma mita, ndio unarudi nyuma unapiga. Hapa nisome uso au nisome jiwe? Nikisoma uso si jiwe litaungua kwa mwanga liwe jeupe? Zile picha ulizopiga Raskazone watu wameipa bahari mgongo na jua linazama, nyuso zote zinaonekana na maji bado yana rangi, uliwekaje? Na nikiwa juu nimeinama kwenye kile kioo cha kutazamia cha kamera, kulia imekuwa kushoto na mwanga umebaki dakika 5, unaanza na kipi?

Naomba unijibu kabla mwezi wa 9 haujaisha nipate wiki mbili za kujaribu hapa kwenye milima ya karibu. Dada akurekodi sauti tu, usihangaike kuandika. Picha nitasafisha na kuchapa kubwa, nakutumia kwa karatasi sio kwa simu, na negativu zote zinakuja kwako uzitie koponi.

Mama nimekumiss sana, hela ya dawa natuma Ijumaa. Wasalimie wote hapo Ngamiani.

Mwanao