Barua kwa Binti Yangu Anayekwenda Kumwandikia Mheshimiwa Hotuba

Muheza, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Mama yako hajambo, presha yake imeshuka tangu abadilishiwe dawa, na mdogo wako amerudi shuleni akiwa na godoro jipya baada ya lile la zamani kuliwa na panya. Ulipopiga simu siku ya Ijumaa nilikuwa nikikujibu "sawa, sawa" kwa sauti ambayo mama yako ameniambia haikuwa ya mtu anayekubali, ndiyo maana nimeona afadhali nikuandikie. Simu hainipi nafasi ya kufikiri kabla ya kusema, na wewe tangu utotoni huna subira na mtu anayesitasita.

Unasema chuo kimekupa ruhusa ya miaka miwili ili uende Dodoma ukawe mwandishi wa hotuba na mshauri wa mheshimiwa. Nimefurahi, na ninakuomba usilisahau neno hilo utakapofika chini ya barua hii. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kuitwa na mkubwa kwa ajili ya kichwa chake; tuliitwa kwa ajili ya migongo yetu, kulima na kubeba. Lakini Ijumaa nilikuuliza swali moja mara tatu, nawe mara tatu ulilipita kama mtu anayemkwepa mdai sokoni: siku utakayotaka kutoka huko, utatokea mlango gani?

Ulinijibu kwamba umechoka kuwa mtu wa maneno darasani na sasa unataka kutenda. Nilipolisikia jibu hilo nilicheka, na ukaudhika. Sikukucheka wewe. Nilikumbuka ile barua ya saba yenye jina la Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, ambayo wataalamu wenzako hadi leo wanabishana kama kweli aliiandika yeye. Mwandishi wake anajitetea kwa nini alikubali kuvuka bahari kwenda Syracuse, mji wa Kigiriki katika kisiwa cha Sicily, mwaka 367 kabla ya Kristo, akiwa mtu wa miaka kama sitini, ili amfundishe mtawala kijana Dionysius wa Pili, na sababu anayoitoa ni hiyo hiyo yako: aliona haya asije akajikuta ni mtu wa maneno matupu, asiyethubutu kutenda lolote.

Wewe unakifundisha kisa hiki kama mgongano wa falsafa na udikteta, na sina ubishi na hilo. Uzeeni nimeanza kukisoma kama kisa cha usafiri. Kuingia kulikuwa rahisi, kwa kuwa alialikwa, na aliporudi tena mwaka 361 mtawala mwenyewe alimpelekea merikebu. Kutoka ndiko kulikomshinda. Aliwekwa katika bustani ya ngome, mahali ambapo hakuna nahodha ambaye angethubutu kumchukua bila idhini ya mwenye nyumba, na baadaye akahamishiwa miongoni mwa askari wa kukodiwa waliokuwa wakimchukia. Aliyemwokoa ni Archytas wa Tarentum, rafiki yake, ambaye alituma chombo cha makasia thelathini kuja kumwomba. Rafiki mwingine, Dion, aliyebaki ndani ya mambo ya Syracuse hadi akayashika mwenyewe, aliuawa mwaka 354. Basi nakuuliza kwa namna nyingine: Archytas wako ni nani? Nitajie mtu mmoja asiyekula kwenye meza ya mheshimiwa, ambaye simu yake itapokelewa siku ambayo yako haipokelewi.

Na kuhusu Seneca, yule mwanafalsafa wa Roma, nina deni kwako. Ulipokuwa kidato cha sita nilikuambia kwamba alikuwa mnafiki, ukaliandika neno hilo katika mtihani, na ukapata alama uliyoipata. Leo nisingesema hivyo, au ningesema kwa sauti ya chini zaidi. Mtu huyu alitolewa uhamishoni Corsica mwaka 49 baada ya Kristo ili amfundishe Nero, aliyekuja kuwa mtawala wa Roma. Kijana alipotawazwa mwaka 54, hotuba aliyoisoma kwenye mazishi ya Claudius, mtawala aliyemtangulia, ilikuwa imeandikwa na mwalimu wake, na wazee wa Roma waliokuwepo wakanong'onezana kwamba huyu ndiye mtawala wao wa kwanza kuhitaji ulimi wa kuazima. Haikuwa dhambi kubwa. Miaka michache ya mwanzo mambo yalikwenda vizuri, na Seneca akaandika maneno mazuri sana juu ya huruma ya mtawala. Kisha mwaka 59 Nero akamuua mama yake mzazi, na barua ikahitajika ya kulieleza baraza kwamba mama ndiye aliyekuwa na hatia. Nani aliyekuwa na kalamu?

Jambo ninalotaka ulitazame ni kwamba kalamu ilikuwa ile ile, na pengine hata meza ilikuwa ile ile. Hakuna siku aliyoitwa akaambiwa kwamba kuanzia leo kazi yako ni nyingine. Alipoomba kupumzika mwaka 62, akajitolea kurudisha mali aliyopewa, Nero alimkumbatia na kumbusu na kumwambia haiwezekani. Mwaka 65 akamwagiza ajiue. Mama yako, ambaye hakusoma mambo haya ila ameyasikia kwangu kwa miaka arobaini, hukiogopa kile kipande cha kumbusu kuliko cha kuuawa.

Utaniambia kwamba nakutisha kwa mambo ya kale, kwamba sisi tuna katiba, mahakama na uchaguzi, na mheshimiwa wako si Nero. Ni kweli kabisa, nami sina neno baya juu yake; nimemsikia redioni na anasema kwa adabu. Sidhani kuna atakayekugusa. Ninachokiogopa ni kidogo zaidi na kinatokea mara nyingi zaidi: kwamba utaandika sentensi moja usiyoiamini, itapigiwa makofi, na jioni utakula chakula chako kama kawaida.

Niliwahi kumwandikia mkubwa mmoja wa wilaya. Mwaka unaujua, na unajua tulivyoishi, kwa hiyo sitayarudia hayo. Zilikuwa hotuba tatu. Katika ile ya tatu niliandika kwamba maghala yamejaa, na asubuhi ya siku hiyo nilikuwa nimepita kwenye maghala hayo kwa baiskeli. Ile redio kubwa mliyokuwa mkiigombea na kaka yako sikuinunua. Vilevile mmezoea kuwaambia watu kwamba baba yenu alihamishwa kwa sababu ya kusema kweli, na mimi sikuwahi kuwakatalia. Tulihamishwa kwa sababu mkubwa yule aliondolewa, na aliyemfuata aliambiwa kwamba mwalimu huyu ni mtu wa fulani. Basi, tuyaache hayo.

Jambo hili la kuwa "mtu wa fulani" lina ushahidi wa karibu zaidi na kwetu kuliko Roma. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alimkuta Sultani Hasan, ambaye watu walimpa jina la Baba wa Vipawa, na akashuhudia fakiri mmoja kutoka Yemen akimwomba nguo alizovaa. Sultani akaenda kubadili nguo, akampa. Lakini msafiri huyo anaongeza maneno ambayo watu wanaoisifu Kilwa huyaruka. Sultani alipofariki alirithiwa na ndugu yake Daud, na mwombaji akija kwa Daud alijibiwa kwamba aliyekuwa akitoa amekufa, wala hakuacha kitu cha kutolewa. Nilipohamishwa sikuwa nimesoma habari hiyo. Niliisoma baadaye sana, nikaifunga, nikatoka nje kukaa barazani.

Wa kufuata katika jambo hili, ukitaka mtu wa kumfuata, ni Ibn Khaldun, yule mwanahistoria wa Kiarabu, ingawa yeye naye alijifunza kwa kuungua. Alizaliwa Tunis mwaka 1332, akaingia kwenye nyumba za watawala akiwa kijana mwenye tamaa, na akalala gerezani Fez karibu miaka miwili. Aliwahudumia watawala wengi kiasi kwamba hata wewe huwapanga ubaoni kwa mishale. Ni mwaka 1375 tu alipojitenga katika ngome ya Ibn Salama, nchi ambayo leo ni Algeria, akiwa na watu wake, na huko, mbali na mlango wa sultani yeyote, akaikamilisha Mukadima, kitabu chake juu ya historia na dola, mwaka 1377. Ndani yake kuna sura inayosema kwamba katika watu wote wanazuoni ndio walio mbali zaidi na ujuzi wa siasa, kwa kuwa wamezoea kupima mambo kwa kanuni zilizomo vichwani, na siasa hutaka mtu atazame kilichoko mbele yake. Nakuomba uisome tena sura hiyo kabla ya kufungasha. Umekuwa ukiwasomesha wanafunzi nadharia yake ya mshikamano wa ukoo na kuporomoka kwa dola, na nadhani sura hii ulikuwa ukiipita haraka.

Kisa chake ninachokipenda zaidi ni cha nyumbu. Mwaka 1401, Dameski ilipozingirwa na jeshi la Timur, mtawala wa vita kutoka Asia ya Kati, mzee huyu aliteremshwa ukutani kwa kamba akaenda kuonana na mshindi yule, akazungumza naye siku nyingi. Timur akamtamani nyumbu wake, akataka kumnunua. Fedha za nyumbu zilipomfikia baadaye Misri, Ibn Khaldun hakuzitia mfukoni mpaka Sultani wake alipoarifiwa na kuridhia. Alikuwa na karibu miaka sabini na alikwisha kujua zawadi ya mkubwa huandikwa wapi. Mimi nilipokea redio nikiwa na thelathini na minne.

Kwa hiyo shika haya, hata kama hayana mpangilio. Nyumba ya chuo usiiachie. Usichukue mkopo mkubwa kwa mshahara huo mpya, kwa maana mwenye deni hana mlango wa kutokea, na hapa sizungumzii falsafa. Inasimuliwa kwamba al-Farabi, mwanafalsafa aliyeandika juu ya mji mwema na kufariki Dameski mwaka 950, alikuwa akipokea kwa mtawala wa Aleppo dirhamu nne tu kwa siku, kwa kuwa ndizo zilizomtosha. Iwe kweli au hadithi, aliyeisimulia alijua anachokisema. Weka nakala ya kila hotuba kama ulivyoiandika wewe, kabla haijapita mikononi mwa wengine. Ukilala vibaya siku tatu mfululizo, nipigie hata kama ni usiku. Na usivae viatu vile virefu kwenye vumbi la Dodoma, mama yako amesema.

Kuna jambo umelifanya vizuri ambalo sikuwahi kukuambia. Mwaka juzi uliponitumia makala yako juu ya John wa Salisbury, mwanazuoni wa Kiingereza aliyeifananisha dola mwaka 1159 na mwili wa binadamu, mfalme akiwa kichwa na wakulima wakiwa miguu, nilikujibu kwa kusahihisha viambishi vyako. Nilipaswa kusema kwamba ile aya uliyouliza nani huinunulia miguu viatu ilikuwa aya bora kuliko zote nilizowahi kusoma kutoka kwa mwanafunzi wangu yeyote. Katika miaka niliyofundisha Siasa, kabla somo halijabadilishwa kuwa Uraia, hakuna aliyeuliza hivyo, na mimi mwenyewe sikuuliza. Ndiyo sababu naogopa. Mtu asiye na sentensi ya kupoteza namsindikiza kituo cha basi nikiwa na raha zangu.

Kaka yako amesema ninakuonea, kwamba kila mfano wangu ni wa aliyeangamia. Nimemjibu kwamba yupo Aristotle, mwanafunzi wa Plato. Alikaa na Wamasedonia, alimfundisha Alexander aliyekuwa mfalme wao, na habari za kifo cha Alexander zilipofika Athens mwaka 323 kabla ya Kristo na watu wakamfungulia mashtaka ya kukosa heshima kwa miungu, hakungoja kuthibitisha ushujaa wake kama Socrates, aliyebaki Athens akanyweshwa sumu. Aliondoka. Alikwenda Chalcis, kwa jamaa za mama yake, ambako kulikuwa na nyumba, na huko akafariki mwaka uliofuata kwa maradhi, kitandani. Wosia wake umehifadhiwa, nao hausemi lolote juu ya dola; unashughulika na nani aolewe na nani, watumwa gani waachwe huru, na kwamba Herpyllis, mwanamke aliyeishi naye, akipenda kukaa Chalcis apewe nyumba ya wageni iliyo kando ya bustani.

Hilo linanileta kwenye chumba cha nyuma. Fundi amekuja jana, amesema bati zote za upande wa mwembe zimeoza na boriti mbili zimeliwa na mchwa. Nimeshauza mbuzi wawili, kwa hiyo usitume pesa. Saruji imebaki mifuko minne kutoka kwenye kisima. Nimemwambia atenganishe mlango wake na wa nyumba kubwa, ili anayekaa humo aweze kuingia na kutoka bila kutupitia sebuleni, na aweke rafu ukuta mzima kwa ajili ya vitabu vyako vile vya maboksi, ambavyo mama yako ameviinua juu ya matofali kwa sababu ya unyevu. Linalongoja jibu lako ni dirisha tu. Fundi anataka kulielekeza barabarani, mimi naona bora litazame bustani, na anaanza Alhamisi, kwa hiyo nijulishe kabla ya hapo.

Ni mimi baba yako.