Ilunga, njoo upimwe tumbo

Katuba, Lubumbashi

Ndugu yangu Ilunga,

Salamu kwako, kwa mama Chantal na watoto. Sisi huku tuko wazima, mvua zimeanza na mke wangu amekwisha kupanda mahindi nyuma ya nyumba.

Tangu uliponipigia simu Jumapili usingizi umenikimbia. Ulieleza habari za kiungulia, halafu ukapitisha haraka kwamba choo chako kimekuwa cheusi. Nilinyamaza kwa sababu nilimkumbuka yaya Mutombo, kaka yangu mkubwa.

Yaya naye alianza na kiungulia. Kila jioni alipita farmasi ya pembeni, akanunua omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, vidonge vinne vitano, maumivu yakatulia, kesho kazini. Mwaka mzima ukaenda hivyo. Mezani nilikuwa naliona tonge lake la bukari (ugali) likipungua: kwanza lilijaa kiganja, baadaye likawa kama yai, mwisho kama punje ya karanga. Matonge matatu, anasukuma sahani: "Nimeshiba." Mtu aliyekuwa akimaliza bukari ya watu wawili! Suruali akaifunga kwa kamba, nasi tukasema ni mawazo ya kazi. Tulipomfikisha kwa muganga (daktari) wa tumbo, saratani ilikuwa imekwisha kuingia kwenye ini. Kuipasua haikuwezekana tena. Alipewa dawa za kuipunguza nguvu, na mwezi wa sita tukamzika. Zile omeprazoli zilikuwa zimemnyamazishia maumivu, basi.

Sikwambii una saratani. Vidonda vingi vya tumbo havina saratani. Lakini choo cheusi kama lami, chenye kunata na harufu kali, mara nyingi ni damu inayovuja tumboni. Vidonge vya kuongeza damu navyo hufanya choo kiwe cheusi, ila wewe huvinywi. Tena tumevuka miaka 50, na marehemu mama yako aliondoka kwa saratani ya tumbo. Ugonjwa huu wakati mwingine hufuata ukoo.

Muganga alinieleza habari za kijidudu kinachoitwa Helicobacter pylori. Wengi hukipata utotoni, na sisi tulikua watoto kumi tukinywea kikombe kimoja. Mwaka 1984 muganga wa Australia, Barry Marshall, alikinywa kwa makusudi ili aonyeshe kwamba kinaumiza tumbo. Mwaka 2005 yeye na Robin Warren wakapewa tuzo ya Nobel. Kikikaa miaka mingi kinaweza kuleta saratani, na sigara na vyakula vya chumvi nyingi vinazidisha hatari. Kinatibika: antibiotiki mbili au zaidi pamoja na dawa ya kupunguza asidi, mara nyingi kwa siku 14, bila kuruka hata siku moja. Mwambie muganga kwamba unakunywa omeprazoli, maana inaweza kukificha kijidudu wakati wa kipimo. Na lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, ndugu yangu, iache. Pombe inaharibu koo la chakula, ini na utumbo mpana.

Fibroskopi, kile kipimo cha kuangalia ndani ya tumbo kwa kamera, isikutishe. Nilifanyiwa mwenyewe baada ya mazishi ya yaya. Unalala na njaa, asubuhi wanakupulizia ganzi kooni, unalalia ubavu wa kushoto, mpira mwembamba wenye kamera unashuka. Machozi yatakutoka na utataka kutapika, lakini ni dakika chache tu. Wakiona pabaya wananyofoa kipande kidogo kama punje ya mchele kwa ajili ya maabara, na hutasikia uchungu. Saratani ikikutwa mapema wanakata sehemu ya tumbo, pengine na dawa juu yake, na mtu anaweza kupona, akila kidogo kidogo mara nyingi kwa siku.

Kesho asubuhi, kabla ya kazi, nenda hospitali ya hapo Kolwezi wakuangalie na wapime damu yako. Wakikuruhusu kusafiri, panda basi la Alhamisi. Nitakungoja kituoni, na pesa ya kipimo ninayo. Ukitapika damu au ukisikia kizunguzungu, hata iwe saa nane za usiku, mwamshe mama Chantal akupeleke hapohapo, halafu anipigie simu.

Ndugu yako,
Kasongo