Barua ya wazi kwa kaka: yule wa kwenye picha ya Burma sio babu

Kaka shikamoo. Nakuandikia huku nje maana kule kwenye grupu la familia nikifungua mdomo mashangazi wananirukia, na wewe ushavuna laiki zako kibao, nitaonekana nina wivu tu. Ila ile picha uliyoposti, umeandika "Babu, Burma 1944" (Burma ndio Myanmar ya leo), umeipitisha kwenye programu ya simu ikapakwa rangi na sura ikasafishwa mpaka vinyweleo vinahesabika, aisee yule sio babu.

Angalia begani. Kuna nembo ya kifaru, yule mnyama, ukiivuta ile picha ya mwanzo inaonekana kabisa (kwenye hiyo ya rangi imekuwa kama doa la mchuzi). Kifaru ni alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ya jeshi la Waingereza kwenye Vita vya Pili vya Dunia, hao ndio walioshuka bonde la Kabaw kwenye mvua za 1944 wakipigana na Wajapani huku malaria nayo inawapiga, wakaingia mji wa Kalewa mwanzoni mwa Desemba, na hapo mainjinia wakatandika daraja la vyuma la kuunga vipande (Bailey) juu ya mto Chindwin, futi 1,154, enzi hizo hakukuwa na daraja la aina ile refu kama hilo duniani. Watanganyika walikuwemo, batalioni ya 26 na ya 36. Babu alikuwa 46, mwenyewe alivyokuwa anaitamka "foti siksi" hata kama kaulizwa anataka chai. Na 46 ilikuwa brigedi ya 28, inajitegemea, kazi yao kubwa ilikuwa 1945 kule upande wa mto Irrawaddy. Keya wote (KAR, King's African Rifles, askari wa Kiafrika wa jeshi la Waingereza), Burma hiyo hiyo, ila vikosi tofauti.

Najua utasema mbona sura imefanana. Kaka, ile picha ya Wamarekani wanasimika bendera kwenye kisiwa cha Iwo Jima kule Japani, aliyoipiga Joe Rosenthal tarehe 23 Februari 1945, sijui kama kuna picha ya vita inayojulikana kuliko hiyo, wamo watu sita na jeshi lao lenyewe lilikosea majina ya watatu! Mmoja akarekebishwa 1947, mwingine 2016, wa mwisho 2019, yaani miaka 74 baadaye. Na hao walikuwa na orodha, walikuwa na filamu, walikuwa na mashahidi. Sisi tuna simu yenye kioo kilichopasuka. Alafu hiyo programu haimjui babu, pasipoonekana inajazia kwa kukisia, kwa hiyo hayo macho yaliyomliza shangazi hayajawahi kuwa ya mtu yeyote.

Kilichonikera zaidi lakini ni mkasi. Kwenye picha nzima kushoto kuna mama wa Kiburma kajitwisha kikapu, mtoto kamng'ang'ania nguo, na yule mama hamwangalii askari, anamwangalia mpiga picha. Umemkata. Vimebaki vidole vya mtoto pembeni na programu imevigeuza majani. Mama wa watu vita imempitia mlangoni mara mbili, 1942 Wajapani wanaingia na Waingereza wanakimbia, kisha tena ikarudi Waingereza wanawarudisha Wajapani, na hata picha yenyewe ya kitengo cha picha cha jeshi la Uingereza, ambayo ilipita kwa wakaguzi wa jeshi kwanza, haikumpa jina. Hizo nyingi nilizoziona maelezo yake ni hivyo hivyo, afisa wa kizungu anatajwa na cheo chake, wa kwetu ni "askari wa Afrika Mashariki" basi, mwanakijiji hata kutajwa hatajwi. Sasa na wewe umemalizia.

Picha zenyewe za ile vita wala sio nyingi kama tunavyodhani, ukitaka ya mahali fulani siku fulani. Hiroshima, tarehe 6 Agosti 1945, siku ya bomu la atomiki, mpiga picha wa gazeti la pale, Yoshito Matsushige, alifika daraja la Miyuki na kamera mkononi, watu wameungua ngozi inaning'inia, akashindwa kubonyeza kwa muda mrefu tu, na siku nzima alitoka na picha tano. Tano! Na wenzake babu waliokuwa kwenye meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa ikapigwa topido na nyambizi ya Wajapani tarehe 12 Februari 1944 karibu na Maldives, ikazama ndani ya dakika chache na watu kama 1,300, mamia yao askari wa mizinga wa huku kwetu, nani aliwapiga picha?

Kwa hiyo naomba uifute, urudishe ile nzima isiyo na rangi, na chini andika tu "Askari wa Divisheni ya 11 na raia, Burma". Ya babu ipo, ile ya studio, mama mkubwa kanipa nimeiskani mbele na nyuma, nyuma kuna muhuri wa fundi picha na namba yake ya jeshi kwa penseli. Nitakutumia jioni nikipata bando, ila kaka, rangi usiweke.