Shosti, achana kwanza na makoti

Shosti wangu,

Hongera tena jamani, nilivyosoma kwamba ofa za chuo zimekuja mbili, ya Uingereza na ya Marekani, nilipiga kelele hadi mwenzangu wa chumba akaja mbio kuuliza kuna nini. Ila sasa naona maswali yako yote ni nguo tu, koti zito nibebe lipi, viatu vya baridi, blanketi, nikasema huyu mtu bado hajajua anakoingia. Achana kwanza na makoti, makoti huku yapo, na wanafunzi wanaomaliza wanagawa vitu bure tu ili wasihangaike navyo. Kinachotesa watu ni karatasi na hela, na hasa zile wiki za mwanzo ambazo umeshafika ila kwenye mifumo yao ni kama haupo, huna akaunti ya benki, huna laini ya huku, na kila unayekutana naye anataka alipwe.

Tuanze na visa maana najua ndo inakupa presha. Ukiamua Uingereza, chuo kitakutumia CAS, yaani namba ya kuthibitisha kwamba wamekupa nafasi, bila hiyo huombi kitu. Halafu ile hela ya ada na ya kujikimu wanayotaka kuiona inatakiwa ikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo, na wakisema mfululizo ndo hivyo hivyo, ikishuka chini ya kiwango hata siku moja umeharibu, unaanza kuhesabu upya. Tena iwe akaunti yako au ya mzazi. Anko wako hata akupende vipi akaunti yake hawaitaki, labda awe mlezi wako kisheria, kwa hiyo kama kaahidi kuchangia mwambie aingize kwako mapema na asije kuomba "nikopeshe kidogo narudisha Ijumaa". Na kuna ada ya afya, pauni 776 kwa kila mwaka wa masomo, hiyo unalipa yote kwa mkupuo wakati unaomba visa, watu wengi huwa hawajaipigia hesabu wakifika hapo wanabaki wanaangalia skrini tu.

Marekani ni njia nyingine. Chuo kinakutumia I-20, yaani fomu ya kuthibitisha kwamba wamekupa nafasi, unalipa ada ya SEVIS, ule mfumo wa serikali yao wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, dola 350, unajaza DS-160, ambayo ndo fomu ya kuomba visa mtandaoni, ndo unapanga siku ya intavyuu ubalozini. Ukiipata I-20 kabla ya kufanya chochote kaa chini uisome jina lako herufi kwa herufi na pasipoti pembeni, kama limepinda waambie chuo warekebishe saa hiyo hiyo, usijifanye utaeleza mbele kwa mbele. Intavyuu yenyewe ni fupi sana, dakika chache, unasimama dirishani unaulizwa kwa nini chuo hiki, nani analipa, ukimaliza unafanya nini. Usikariri majibu kama shairi. Na usikate tiketi ya kuwahi sana, hawakuruhusu kuingia zaidi ya siku 30 kabla ya tarehe ya kuanza iliyoandikwa kwenye I-20.

Umeniuliza mi ningechagua wapi. Kwa upande wa visa tu mi naona Uingereza ni hesabu, ukitimiza masharti una amani kidogo, Marekani mengi yanategemea afisa uliyemkuta siku hiyo. Ila usichague chuo kwa sababu ya visa, angalia kozi na angalia nani anakupa hela nyingi zaidi, basi.

Halafu lile wazo lako la "nitafanya kazi nilipe kodi ya chumba" lifute kabisa. Kote huko kikomo ni masaa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na Marekani mwaka wa kwanza ni kazi za ndani ya chuo tu, na hizo watu wanazigombania. Kazi ikipatikana iwe ya kununua vocha na sabuni, kodi iwe na hela yake kabla hujapanda ndege.

Sasa sikiliza hili maana hakuna anayekwambia. Laini yako ya simu ya nyumbani usiiache. Kuna kijana hapa alifika na kadi ya benki ina hela nzuri tu, anataka kulipia chumba, akabonyeza lipa, benki ikatuma namba ya siri ya mara moja kwenye laini ambayo aliiacha kwa mdogo wake, mdogo wake kalala, masaa yamepishana, na ile namba inaisha muda ndani ya dakika chache. Wakawa wanakimbizana hivyo hadi kadi ikafungiwa. We washa roming mapema, ijaribu kabla hujaondoka, na waambie benki unasafiri.

Chumba chukua cha chuo kwa mwaka wa kwanza hata kama ni ghali kidogo. Vya nje wanataka mdhamini wa huko huko au historia ya mkopo, yaani rekodi ya ulivyolipa madeni huko, we utaitoa wapi, na matapeli wamejaa, picha nzuri, bei rahisi, mwenye nyumba eti yuko safarini tuma amana kwanza. Usitume.

Meno na macho yamalize huko huko, bima za wanafunzi mara nyingi hazigusi meno. Beba cheti cha chanjo, vyuo vingi vya Marekani vinadai ya surua ndo wakuruhusu kusajili masomo. Chaja si shida ila kama una pasi au draya ya nywele ujue Marekani umeme wao ni volti 120, zako za 230 hazitapata moto wowote wa maana, ziache.

Karatasi zote zikae kwenye begi la mkononi, rafiki yangu, si kwenye sanduku. Afisa wa uhamiaji anakuuliza barua ya chuo wakati sanduku lako bado liko upande wa pili wa ukuta linazunguka kwenye mkanda, utaitolea wapi? Na mtu mmoja unayemwamini nyumbani abaki na kopi, na awe na idhini ya maandishi ya kukuchukulia vyeti, kuna siku utahitaji kitu chenye muhuri.

Haya, nijibu basi umechagua wapi, na fomu ya chumba ukishaijaza nipigie picha niione kabla hujaituma. Msalimie mama, mwambie nitakupokea mwenyewe kama ni upande wangu.

Wako,
shosti wa baridini