Mada ya Jumamosi: deni lililomwangusha mfalme

Habari zenu wanakikundi. Enzi ya Mwamko wa Ulaya tumeimaliza, Jumamosi saa mbili usiku tunaingia kwenye mapinduzi. Naomba tuzifuate fedha. Vita vya Miaka Saba vilipokwisha 1763, Uingereza ilibaki na madeni, ikawabana kwa kodi walowezi wa Amerika, nao wakaasi. Ufaransa ikaingia vitani upande wao 1778, ikazama kwenye deni hadi mfalme wake, Louis XVI, akalazimika kuitisha bunge la matabaka matatu, Mei 1789. Julai, Bastille, ngome na gereza la Paris, ikavamiwa.

Tafadhali msiiruke Haiti! Watumwa wa Saint-Domingue, koloni la Ufaransa ambalo ndilo Haiti ya leo, waliinuka Agosti 1791. Uhuru ukatangazwa 1 Januari 1804. Vitabu vingi huwapa aya moja tu, na inaniuma. Mwenye ramani nzuri ya Karibi aitume humu kabla ya Ijumaa.