Risala ya kikundi cha mboga na matunda kwa mgeni rasmi, siku ya uzinduzi wa kibanda cha ubaridi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Diwani wa Kata,
Afisa Mtendaji wa Kata, Afisa Maendeleo ya Jamii na Afisa Kilimo,
Mwenyekiti wa Kijiji,
Wazee wetu, wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Mbukwenyi! Kazi iendelee!

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha chini ya mbuyu huu tukiwa wazima. Nawe, Mheshimiwa, tunakushukuru kwa kuacha majukumu mazito ya Dodoma mjini ukaja kwetu, tena kwa barabara ambayo sasa unaijua. Karibu sana Ugogoni.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kikundi chetu kilianza mwaka 2021 na akina mama 9 waliokuwa wakihudhuria kliniki pamoja. Muuguzi alikuwa anatuhimiza, kama kila mwezi, kwamba mjamzito ale mboga za majani na matunda kila siku. Mwenzetu mmoja akanyoosha mkono akauliza: "Kiangazi hiki cha mwezi wa tisa, nesi, nikavitoe wapi?" Swali hilo ndilo lililotuunganisha. Leo tuko 31, wanawake 24 na wanaume 7. Tuna katiba, tuna akaunti benki, na tumeshakabidhi maombi ya kusajiliwa kuwa shirika lisilotengeneza faida chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali Namba 24 ya mwaka 2002.

Mafanikio yetu ni makubwa. Tumeleta mapinduzi ya mboga katika kata hii. Kaya 40 zina bustani za viroba mlangoni. Wajawazito na wazee wasiojiweza wanapewa fungu la mchicha bure kila Jumatano. Na kibanda unachokizindua leo tunathubutu kusema ni cha mfano kwa taifa: kuta zake ni za waya mara mbili, katikati tumeshindilia mkaa, na mkaa huo tunaumwagia maji asubuhi na jioni. Upepo mkavu ukipita, ndani kunapoa bila umeme. Upepo ule ule unaotukaushia mashamba sasa unatutunzia mboga. Mchicha uliokuwa unanyauka kabla ya adhuhuri unalala humo na kuamka mbichi.

Sasa, Mheshimiwa, kwa heshima zote, tuje kwenye jambo lililotufanya tukualike. Ni maji.

Masika hapa hatuna shida. Majani ya kunde, ya maboga na mlenda vinaota hata kando ya njia. Mvua zikikatika mwezi wa nne, kufika mwezi wa sita hakuna kijani. Mboga inatoka soko la Majengo, Dodoma mjini, ikiwa juu ya basi, jua linaipiga njia nzima, na ikifika hapa bei yake imepanda mara mbili. Asiyeiweza bei hiyo anapika mlenda mkavu. Huo ni chakula chetu na hatuuonei aibu, lakini mboga ikishakaushwa juani vitamini nyingi zinapotea, na mtoto wa miezi 8 hawezi kukuzwa na ugali na mlenda mkavu tangu Juni hadi Desemba. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 katika kila 100 wenye umri chini ya miaka 5 nchini wamedumaa. Sisi hao watoto tunawajua kwa majina.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kisima kipo. Kilichimbwa mwaka 2022, wataalamu wakapima, wakasema maji yanatosha na ni mazuri, karatasi yao tunayo. Kinachokosekana ni pampu ya sola, paneli zake na tangi. Tangu siku hiyo mdomo wa kisima umefunikwa kipande cha bati na jiwe juu yake. Watoto wakitoka shule wanasogeza jiwe, wanatupa kokoto, wanatega sikio wasikie maji.

Mwaka 2023 mgeni rasmi wa siku hiyo, ambaye tunamheshimu sana, alisimama hapa hapa ulipoketi akatuahidi pampu ndani ya siku 90. Tulipiga vigelegele. Kesho yake tukaanza kuchimba mtaro wa bomba, mita 120, kutoka kisimani hadi bustanini, akina mama wengine wakiwa na watoto mgongoni. Siku 90 zikapita. Mvua zikaufukia mtaro. Mwaka 2024 akaja kiongozi mwingine, akatuambia mchakato uko hatua za mwisho. Tukaufukua mtaro upya. Ukafukiwa tena. Mheshimiwa, mtaro huo sasa uko wazi kwa mara ya tatu, tumeufukua wiki iliyopita kwa ajili ya ujio wako.

Kwa sasa maji tunayanunua kwa dumu. Kibanda peke yake kinakunywa madumu 6 kwa siku. Ndiyo maana kati ya matuta 26 tuliyoyaandaa, yenye mboga ni 4.

Tumewahi kushauriwa tuombe mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ile 4 ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Tunaishukuru Serikali kwa mpango huo. Lakini mkopo unarejeshwa, na fungu tunalompa mjamzito bure halirejeshi kitu. Fundi amekadiria shilingi milioni 18.4 kwa kazi yote. Sisi tumechanga milioni 1.26, ziko benki, na hatujazigusa.

Yapo mengine, kama mbegu bora na mafunzo ya usindikaji. Hayo yanaweza kusubiri.

Ombi letu, Mheshimiwa, ni kwamba utakapojibu risala hii ututajie tarehe, na jina la ofisi tutakayokwenda kuulizia tarehe hiyo ikifika. Na kabla ya chakula, tunaomba utembee nasi hadi kisimani. Si mbali, unafuata mtaro tu. Mwenyekiti wetu atakuondolea lile jiwe.

Tunaomba kuwasilisha.